Pasi ya solda ya wati 60 ya kuongeza na kupunguza moto: imenigomea mara tatu na bado nawaambia mnunue

Hii pasi ninayo miaka miwili na miezi kadhaa sasa na naitumia karibu kila siku, kwa hiyo haya siyo maneno ya mtu aliyefungua boksi jana. Ni ile ya Kichina ya wati 60, mpini wa plastiki ya bluu, ina kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa 200 mpaka 450 na taa ndogo nyekundu inayowaka ukichomeka. Wengi mnaijua, Kariakoo iko karibu kila duka la vifaa vya umeme, jina kwenye boksi linabadilika badilika lakini kitu ni kile kile. Mimi niliichukua kwa sh 15,000, ndani ya boksi kulikuwa na ncha tano na kile kistendi cha waya cha kuiegesha. Kazi yangu ni sabufa, redio, chaja na taa za sola, siyo simu, kwa hiyo nachoma vitu vikubwa vikubwa, waya wa spika, miguu ya transfoma, na pasi inakaa moto masaa mengi.

Imenigomea kupata moto mara tatu. Mara zote tatu nimeifungua mwenyewe, nimeitengeneza, na hela yote niliyotoa mfukoni ukijumlisha haijafika sh 6,000. Ndo maana naisifia. Sisemi haiharibiki, inaharibika, ila inafunguka kwa skrubu mbili za nyota na ndani unaona kila kitu, na kila kitu kilichomo unaweza kukinunua peke yake. Kwa mtu anayeishi kwa hiki kifaa hilo ni jambo kubwa kuliko hata kudumu.

Sasa naomba nieleze hizo mara tatu vizuri maana naona vijana wengi pasi ikigoma tu wanasema "elementi imekufa" (kile kipande cha ndani kinachotoa moto) wanaitupa, na ukiiokota ukaipima unakuta elementi nzima kabisa. Inaniuma kweli.

Mara ya kwanza ilikuwa kama mwezi wa tano toka niinunue. Nachomeka, taa haiwaki, moto hamna. Ukiikunja waya pale inapoingia kwenye mpini taa inawaka, ukiachia inazima. Hapo hata mita (kile kifaa cha kupimia umeme) huhitaji, waya umekatika ndani ya ganda. Na hii ndo shida namba moja ya hizi pasi zote, za bei ndogo na za bei kubwa, kwa sababu mkono wako unazungusha pasi siku nzima na ule waya unajikunja sehemu ile ile moja, nyuzi za shaba zinakatika moja moja mpaka zinabaki mbili, halafu hata hizo mbili zinaondoka. Nilichomoa kwanza plagi ukutani (hii msisahau, na subirini ipoe), nikafungua skrubu mbili, nikakata waya kama sentimita kumi hivi kutoka kwenye mpini, nikamenya ule mzima nikaurudisha kwenye bodi. Kile kipande nilichokikata nilikipasua kwa wembe nikione, shaba ilikuwa imegeuka nyeusi na imekatika mshazari kama nywele zilizoungua, ganda la nje halina hata alama. Kwa hiyo kuangalia kwa macho tu haitoshi, weka mita kwenye mlio, shika mguu mmoja wa plagi na mwisho wa waya ule ule ndani ya mpini, halafu mtikise waya. Mlio ukikatika katika, waya ndo huo.

Kabla ya kufungua mpini lakini, anza ukutani. Najua inaonekana ya kitoto. Hizi pasi nyingi zinakuja na plagi ya miguu miwili ya mviringo, na soketi zetu ni za miguu mitatu ya bapa, kwa hiyo unatumia adapta, na adapta za bei rahisi zinalegea ndani mpaka zinaungua na kuwa nyeusi. Chomeka chaja ya simu kwenye adapta ile ile uone inachaji au la. Kama umebadilisha plagi ukaweka ya miguu mitatu basi mle ndani kuna fyuzi, nayo ipime. Na ukiibadilisha weka ya ampia 3, usiache ile ya 13 iliyokuja na plagi, wati 60 inakula hata robo tatu ya ampia moja haifiki, fyuzi ya 13 haiulindi vizuri waya mwembamba kama huu siku ukigusana.

Mara ya pili ndo iliyonifundisha zaidi. Ilikuwa Jumamosi jioni nina sabufa ya mteja inayotakiwa usiku ule ule kwa ajili ya shughuli, nimechomeka pasi, taa nyekundu inawaka vizuri tu, nimesubiri dakika tano, nagusa risasi (ile solda yenyewe ya kuungia) haiyeyuki. Dakika kumi, naweka ncha kwenye sponji yenye maji, kimya, wala ile "chsss" hamna. Sasa hapa sikilizeni: kwenye hizi za kuongeza na kupunguza, taa ikiwaka maana yake umeme umefika mpaka kwenye bodi ndani ya mpini. Siyo kwamba elementi inapata umeme. Kwa hiyo taa inakugawia kazi nusu kwa nusu. Taa imezima, tafuta kuanzia ukutani mpaka kwenye bodi. Taa inawaka na moto hamna, acha waya, shida iko kwenye bodi au mbele yake.

Nikachomoa, nikafungua. Ile bodi ni ndogo kama kidole gumba, ina volyumu ya kuzungusha, trayaki moja (swichi ya kielektroniki inayopitisha umeme kwa kiasi), rezista chache na kapasita, ni dima tu kama ile ya kupunguza mwanga wa taa au spidi ya feni. Nikapima elementi yenyewe kwenye waya zake mbili, ikasoma, nzima. Volyumu nikaizungusha huku naipima, inapanda na kushuka vizuri. Nilikuwa nataka kuishtaki trayaki, lakini nikachukua ile miwani ya kukuzia nikaangalia upande wa chini wa bodi kwenye mwanga wa simu, nikaona pale waya wa elementi unapoingia kuna kiduara chembamba cheusi kinauzunguka mguu, kama ufa wa sahani. Ukiugusa waya na kibano unacheza kidogo sana, kidogo mno. Risasi imeachia. Pale panapata joto linalorudi nyuma kutoka kwenye elementi, panapoa, panapata joto tena, kila siku, mwisho risasi inapasuka.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni kugusa doa moja la risasi, sekunde tatu, ila pasi ndo hiyo imelala na duka zimefungwa. Marehemu baba mdogo alikuwa fundi bati, na wale wazee walikuwa wanachomea kwa kipande cha shaba kinachopashwa kwenye jiko la mkaa, hamna umeme wala nini. Kile kipande chake ninacho, unene wa kidole, kimechongwa ncha. Nikawasha mkaa, nikakiweka humo mpaka nikisogeza risasi inayeyuka papo hapo, nikakifuta kwenye kitambaa chenye maji, nikapaka flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike) kwenye lile doa, nikagusa. Doa likang'aa kama tone la maji. Nikaijaribu kwanza kwa kupitisha umeme kwenye balbu (naeleza chini), ikawaka, nikaichomeka moja kwa moja, dakika tatu baadaye risasi inayeyuka kama siagi na sabufa ya mteja ikaondoka saa nne usiku. Toka siku ile sijawahi tena kuwa na pasi moja tu kibandani.

Mara ya tatu ndo elementi kweli. Ilikuwa kama mwaka na nusu hivi, na kosa nalijua, kijana wangu ana tabia ya kugonga pasi kwenye meza ili risasi iliyozidi idondoke. Elementi ya hizi pasi ni ya kauri, ile nyeupe kama chaki, ndani yake kuna mstari mwembamba wa madini ndo unaopata moto. Kauri ikigongwa ikiwa ya moto inapasuka, mstari unakatika, kwisha. Vilevile ukiitumbukiza kwenye maji ikiwa moto. Risasi ikizidi futa kwenye sponji yenye unyevu au kwenye ile steelwaya ya shaba njano, usigonge.

Kuipima ni rahisi. Mita weka kwenye omu, kuanzia 2k au 20k, shika waya mbili za elementi ukiwa umezitoa kwenye bodi. Mita zile za njano za bei ndogo zikionyesha "1" peke yake upande wa kushoto maana yake hamna njia, elementi imekatika. Kama ni pasi ya zamani ile ya waya wa nikromu uliozungushwa, hesabu unaifanya kabisa: volteji mara volteji gawanya kwa wati. Kwa umeme wa 230, 230 mara 230 ni 52,900, gawanya kwa 60 unapata kama omu 882, ya wati 40 inakuwa kama 1,322, ya wati 30 kama 1,763. Ikisoma jirani na hapo iko sawa. Hii ya kauri ikiwa ya baridi inasoma chini ya hapo, halafu inapanda ikipata moto, kwa hiyo usiogope ukiona namba ndogo, cha kuogopa ni ile "1" au sifuri.

Elementi mpya nilipata kwa sh 3,000, duka lile lile linalouza pasi. Unafungua nati ya mbele, unavuta bomba la chuma na ncha, unachomoa ile iliyokufa, unaingiza mpya, waya zake unachomea kwenye bodi pale pale zilipotoka za zamani. Zile soksi nyeupe za nyuzi za kioo zinazovaa waya wa elementi zirudishe zote, usiache waya uchi. Na tafadhali sana, msifunge tepu nyeusi ya umeme karibu na elementi! Nimeletewa pasi ambayo fundi mmoja aliifunga tepu, ikayeyuka, waya ukagusa bomba la chuma, mwenye pasi alipigwa shoti mpaka akaidondosha mguuni. Kwenye zile za nikromu pia usijisumbue kuunga kwa risasi, nikromu haishiki risasi, na hata ikishika itayeyuka yenyewe pasi ikipata moto. Kule unabana kwa kibomba cha shaba au skrubu, chuma kwa chuma.

Baada ya kufunga, kabla sijaichomeka moja kwa moja, napitisha kwenye balbu. Chukua holda na balbu ya zamani ya waya ya wati 60 (za LED hazifai hapa), ikae njia moja na pasi, yaani umeme upite kwenye balbu ndo uende kwenye pasi. Kitufe cha moto weka juu mwisho. Balbu ikiwaka kwa wekundu hafifu, pasi iko sawa. Ikiwaka kwa nguvu zote kuna shoti ndani, chomoa. Isipowaka kabisa, bado kuna mahali pamekatika. Halafu plagi ikiwa nje ya ukuta pima kati ya miguu ya umeme ya plagi (siyo wa erthi, ule wa waya wa usalama unaokwenda ardhini) na ncha ya chuma, mita kwenye 2M, inatakiwa ikae "1". Ikisoma namba usiitumie.

Kuna nyingine mbili ambazo watu wananiletea wakisema pasi haipati moto na pasi haina kosa lolote. Moja ni volteji. Mtaani kwetu kuanzia saa moja jioni kila mtu amewasha, nimepima kwenye soketi nikakuta 180. Pasi ya wati 60 kwenye 180 haitoi 60 tena, inatoa kama 37, kwa sababu volteji ikishuka kidogo nguvu inashuka mara mbili yake. Mchana inachoma vizuri, usiku inavuta vuta tu risasi kama ugali, mtu anafungua pasi nzima anaharibu, kumbe angepima soketi. Mimi kazi za transfoma na waya minene nazifanya asubuhi.

Ya pili ni ncha nyeusi. Pasi ina moto, ukisogeza mkono unasikia joto, lakini risasi inateleza inafanya vidonge haishiki. Hiyo ni kutu ya moto imefunika ncha na haipitishi joto. Na hapa watu wanachukua tupa au msasa wanakwangua mpaka shaba nyekundu inaonekana, wanafurahi, wiki moja baadaye ncha imeliwa ina shimo. Ncha za sasa ni shaba iliyovikwa chuma chembamba, ukikwangua hicho chuma umeiua, maana risasi inakula shaba. Ile tabia ya tupa ilikuwa sawa kwa ncha za zamani za shaba tupu. Hii ipashe moto wa kati, chovya kwenye flaksi, ongeza risasi mpya, futa, rudia mara tano sita, inarudi yenyewe. Ukizima pasi jioni iache na tone la risasi kwenye ncha, usiifute. Na mara moja kwa wiki ikiwa ya baridi legeza nati utoe ncha uirudishe, ukiiacha miezi inagandana na elementi na siku ya kuitoa unavunja kauri.

Mabaya yake nisiyafiche. Zile namba 200 mpaka 450 siyo kipimo, ndani hamna kitu chochote kinachopima joto, ni dima inaongeza na kupunguza umeme tu. Risasi ya kawaida ya 60/40 (bati 60, risasi 40) inaanza kuyeyuka nyuzijoto 183, lakini ukiweka kitufe kwenye 200 ukagusa mguu wa transfoma hutaambulia kitu. Mimi nimeweka alama mbili kwa maka, moja ya kazi ndogo na moja ya kazi kubwa, namba siziangalii. Waya wake ni mgumu, ndo maana unakatika, nilivyobadilisha niliweka laini na pale unapoingia kwenye mpini nikauvika springi ya kalamu. Na hamna erthi, ukigusa ncha na testa inawaka kidogo hata pasi ikiwa nzima. Kwa sabufa sijali sana, ila ukiwa unachoma IC au mosifeti (vile vipande vya bodi vinavyokufa haraka kwa umeme mdogo) chomoa plagi kwanza, choma kwa joto lililobaki, au weka waya wa nyuzi tatu ufunge erthi kwenye bomba la chuma kama mimi nilivyofanya.

Nina uzoefu pia na ile ya wati 40 ya mpini uliobanwa kiwandani, haina skrubu hata moja. Ilidumu miaka mitatu bila kosa, halafu ikagoma, na kuifungua ilibidi nikate mpini kwa msumeno. Waya tu ulikuwa umekatika. Pasi nzima ikaenda kwa sababu ya waya wa sentimita tano. Na kama una hela zaidi basi chukua steshoni (pasi yenye boksi lake la umeme pembeni) zile za muundo wa Hakko 936, zina transfoma ya volti 24 na zinapima joto kweli. Nazo zinatengenezeka, mpini wa 907 wenyewe wa Hakko unapimwa kwenye plagi yake, elementi isome kati ya omu 2.5 na 3.5, sensa kati ya 43 na 58. Kopi zake nyingi sensa ni ya aina nyingine kwa hiyo usiitupe kwa sababu tu namba haifanani. Lakini hiyo ni bei ya pasi hizi sita au zaidi, na kijana anayeanza ufundi hana hela hiyo.

Kwa hiyo kwa sh 15,000, kwa kazi za redio na sabufa, mimi naipa nne kwa tano, ile moja iliyopungua ni ya erthi. Ukienda kununua muombe muuzaji akuonyeshe skrubu za mpini kabla hujalipa, kama hazipo rudisha chukua nyingine, na chukua elementi moja ya akiba hapo hapo, sh 3,000. Yangu ya akiba iko kwenye kopo la maziwa, nimeifunga na pamba isigongwe.